Je, Wajua? Alumini Moto Hukatwa kwa Kisu

Je, wajua ya kuwa gogo la alumini iliyochanganywa na silikoni, likisha kupashwa hararati hata likafika kiasi cha nyuzi 580 za Selsiasi, ambapo karibu nusu yake imekwisha yeyuka na nusu ingali imara, husimama wima lenyewe pasipo chombo cha kulizuia, na hali ukilitia kisu hukatika kama siagi?

Ajabu hii ilidhihiri Marekani, katika chuo cha MIT, mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale mwanafunzi David Spencer alipokuwa akikoroga mchanganyiko wa bati na risasi huku ukipoa. Madini yakikorogwa hivyo, chembe zake huwa za mviringo badala ya kuchipua matawi, nazo huteleza zikisukumwa, na ndiyo sababu gogo lenye chembe za namna hiyo hukatika kwa wepesi.

Wala gogo la alumini, linapopashwa, haliguswi na moto. Hutiwa ndani ya koili ya bomba la shaba, na umeme wa kwenda na kurudi upitao humo huzua mikondo mingine ndani ya alumini yenyewe, ijapokuwa alumini (ajabu nyingine hiyo!) hainasi kwenye sumaku. Bomba nalo hupitishiwa maji, lisije likaungua.

Taabu ni kipimo. Umeme hupasha ngozi ya gogo kabla ya moyo wake, basi mafundi hupunguza nguvu ili hararati ienee. Nyuzi chache zikizidi, gogo hubonyea na kuvuja.

Likisha kusukumwa katika kalibu, huijaza kwa utulivu bila ya kufumbata hewa nyingi, na ndiyo sababu kitu kilichosubiwa hivyo huwa na matundu machache.