Uzamili wa Sheria Asia Mashariki: Lugha Ndiyo Gharama Kubwa

Wakili wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kusoma uzamili wa sheria Asia Mashariki huanza kwa kuulizia ada. Ningemshauri aanze na lugha.

Ada ya Japani haitishi. Vyuo vikuu vingi vya taifa hutoza yen 535,800 kwa mwaka, na kiingilio cha yen 282,000 kinacholipwa mara moja. Kozi ya miaka 2 ya Chuo Kikuu cha Nagoya, inayofundishwa kwa Kiingereza, inafika yen 1,353,600 kabla ya pango na chakula. Kyushu nao wana uzamili wa sheria kwa Kiingereza tangu 1994. Ufadhili wa serikali ya Japani, unaoombwa kupitia ubalozi, hulipa ada na nauli ya ndege, na posho yake ni kama yen 144,000 kwa mwezi. Asiye na ufadhili huweza kupata kibali cha kufanya kazi saa 28 kwa wiki, lakini asitegemee vibarua vimlipie ada.

China hutoa posho ya yuan 3,000 kwa mwezi kwa mwanafunzi wa uzamili mwenye ufadhili kamili wa serikali, na Chuo Kikuu cha Tsinghua hufundisha sheria ya China kwa Kiingereza. Ila mgeni haruhusiwi kufanya mtihani wa uwakili wa China Bara. Japani haimzuii, ila mtihani wake hufanywa kwa Kijapani.

Ufadhili wa serikali ya Korea Kusini unakuwekea kwanza mwaka mzima wa Kikorea, isipokuwa umeshafika daraja la 5 la mtihani wao wa lugha. Wapo watakaouona mwaka huo umepotea. Kwangu ndio wenye thamani kuliko yote, na Kifungu cha 709 cha Sheria ya Madai ya Japani kinaonyesha kwa nini. Awali kilisema anayevunja haki ya mwenzake kwa makusudi au uzembe atalipa fidia. Mwaka 1925 kesi ya bafu la umma lililoitwa Daigakuyu iliifanya mahakama ya juu ya enzi hizo ikubali kwamba hata jina lililozoeleka kwa wateja linastahili kulindwa, ingawa si haki iliyoandikwa. Maneno ya kifungu yalikuja kurekebishwa ili yaendane na hilo mwaka 2004, karibu miaka 80 baadaye. Tafsiri za sheria za Japani zinapatikana bure kwa Kiingereza. Hukumu na vitabu vya ufafanuzi, ambamo sheria yenyewe inaishi, vingi viko kwa Kijapani tu.

Hong Kong inakuondolea kazi ya lugha, kwa kuwa inafuata mfumo wa Kiingereza kama kwetu, ila pango lake ni kali.

Anayerudi nyumbani kusimamia mikataba ya kampuni za Kichina au Kijapani atatosheka na kozi ya Kiingereza. Anayetaka kufundisha au kuandika juu ya sheria hizo alipie lugha kwanza, hata kama itamchelewesha.