Kiti cha Ziada: Nani Apande Kwanza, na Afikeje Kazini?

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, zipo jamaa nyingi zilizowaaga ndugu zao waliopanda ndege kwenda kuanza maisha mapya Marekani. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958, na katika vijiji vyake habari za viwanja vya ndege si ngeni tena. Aliyekwisha kupita katika viwanja vya huko ng'ambo huenda aliwahi kumwona rubani aliyevaa sare kamili, mkoba mkononi, amesimama kando ya mlango akingoja kama mtu asiye na tikiti. Abiria wakishaingia wote ndipo naye huitwa. Au huambiwa kwamba nafasi hakuna.

Mtu huyo siye atakayeirusha ndege ile. Ni rubani wa ndege nyingine, anayeomba lifti ili afike kazini kwake.

RUBANI AOMBAYE LIFTI

Marekani ni nchi pana, na kampuni moja ya ndege huwa na vituo vya marubani katika miji kadhaa. Kituo hutolewa kwa kufuata urefu wa utumishi. Aliyeajiriwa karibuni hupata kile walichokiacha wakubwa wake, na mara nyingi ni mji wenye nyumba za kodi kubwa. Kituo chenyewe chaweza kufungwa au kubadilishwa mwaka ufuatao. Kwa hiyo marubani wengi huziacha familia zao zilipo, wakasafiri kwa ndege kwenda kuanza zamu, kisha wakarudi nyumbani zamu ikiisha. Askari yeyote aliyepata kuhamishwa mara tatu katika miaka mitano, na watoto wake wakiwa shuleni, atalielewa jambo hilo pasipo kuelezwa.

Chombo cha safari hiyo ni kiti cha ziada. Ndani ya chumba cha marubani, nyuma ya viti viwili vya wanaorusha ndege, kuna kiti kimoja au viwili vidogo, aghalabu vya kukunja. Kazi yake ya kwanza ni kumpa nafasi mkaguzi wa serikali, au mwalimu anayewapima marubani. Kisipokuwa na mtu, kampuni za Marekani zimekubaliana kumpa rubani mwenzao wa kampuni nyingine bila malipo yoyote.

NANI ATANGULIE?

Mahali penye kiti kimoja na waombaji watatu hapakosi maneno. Mpangilio wa kawaida ni huu. Mkaguzi wa serikali aliye kazini hutangulia wote. Hufuata rubani wa kampuni yenye ndege, kisha wale wa kampuni nyingine. Walio daraja moja, kampuni nyingine humpa nafasi aliyetangulia kujiandikisha, na nyingine humpa mwenye utumishi mrefu zaidi.

Ugomvi huzuka hapo. Mgeni amefika mapema, ameandikwa, amekwisha kuketi. Mlango ukikaribia kufungwa anatokea rubani wa kampuni yenyewe, na mgeni hana budi kushuka. Ni jambo chungu, lakini anayeijua kanuni hushuka kimya, kwa kuwa kesho yeye ndiye atakuwa mwenyeji katika ndege ya kampuni yake. Kelele hutokea pale ambapo kanuni haikuelezwa, au karani wa mlangoni anapomtanguliza rafiki yake.

Juu ya kanuni zote hizo limewekwa neno la mwisho la mtu mmoja, naye ni rubani mkuu wa ndege. Hata mwenye vyeti vyote hutakiwa kwenda kwake, ajitambulishe na kuomba ruhusa. Hapo cheo hakisaidii. Mwenye miaka 30 ya utumishi humwomba kijana aliyepewa dhamana ya ndege ile, na wala haoni aibu. Heshima si utumwa.

Mamlaka hayo hayakuwekwa kwa ajili ya kumtukuza mtu. Tarehe 7 Aprili, 1994, mfanyakazi aliyepewa kiti cha ziada katika ndege ya mizigo iliyotoka Memphis aliwashambulia wanaanga watatu kwa nyundo. Wakiwa wamejeruhiwa vibaya, walipambana naye na kuirudisha ndege chini salama. Baada ya mashambulio ya tarehe 11 Septemba, 2001, uliwekwa utaratibu wa kumhakiki kila mwombaji kabla ya kuingia. Na bado, tarehe 22 Oktoba, 2023, rubani asiye kazini aliyeketi katika kiti hicho alijaribu kuzima injini za ndege yenye watu zaidi ya 80. Wenzake walimzuia, wakatua Portland. Anayetoa nafasi ndiye anayebeba dhamana ya roho zote zilizomo. Hivyo ni haki awe na uwezo wa kukataa.

KUPATA KITI SI KUFIKA MZIMA

Lakini ugomvi wa nani apande kwanza huficha swali lililo kubwa zaidi, nalo ni kama mtu aliyekipata kiti hicho atafika akiwa na nguvu za kufanya kazi.

Usiku wa tarehe 12 Februari, 2009, ndege ndogo ya kampuni ya Colgan Air iliyotoka Newark ilianguka karibu na mji wa Buffalo. Watu wote 49 waliokuwa ndani walikufa, pamoja na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake chini. Wachunguzi walisema chanzo kikuu ni rubani mkuu kukosea alipopata onyo kwamba ndege inapoteza mwendo wa kuielea hewani. Lakini walichunguza pia marubani hao walikuwa wametoka wapi. Rubani msaidizi alikuwa akikaa karibu na Seattle, ng'ambo ya pili ya nchi. Alisafiri usiku kucha kwa ndege za mizigo, akapitia Memphis, akafika Newark asubuhi ya siku ileile, na mchana akaingia kazini. Rubani mkuu alikuwa akikaa Florida, na inaelekea usiku wa kuamkia siku hiyo aliupitisha katika chumba cha mapumziko cha marubani. Katika marubani 137 wa kituo hicho, 93 walikuwa wakisafiri kutoka mbali kuja kazini. Wachunguzi waliona kwamba huenda uchovu uliwapunguzia uwezo, ingawa kiasi chake hakikuweza kupimwa.

Msiba huo ulizaa sheria ya mwaka 2010, na kanuni zilizoanza kutumika Januari 2014. Rubani wa abiria hupewa mapumziko ya saa 10 kabla ya kazi, na ndani yake nafasi ya kulala saa 8 pasipo kukatizwa. Kusafiri kutoka mbali hakukupigwa marufuku. Badala yake kila rubani hutakiwa kuthibitisha kwa maandishi kwamba yu mzima wa kufanya kazi. Kampuni haiwezi kusema haikujua, wala rubani hawezi kumtupia mwingine lawama.

NJIA YA MBARARA NA NAKIVALE

Uganda haina haja kubwa ya kiti hicho, kwani shirika lake la ndege, lililoanza safari upya mwezi Agosti 2019, lina makao yake Entebbe, na rubani aweza kupanga nyumba jirani. Hata hivyo jambo lenyewe lipo kila alfajiri katika njia ya Mbarara. Wapo wauguzi, waalimu, askari polisi na watumishi wa mashirika ambao kazi yao ipo Nakivale na familia zao zipo mjini. Wengine hutegemea nafasi katika gari la ofisi, wengine taksi, wengine bodaboda. Maneno ni yaleyale: nani akae mbele, nani aliwahi, na kwa nini fulani hupakiwa kila siku ilhali mwingine huachwa vumbini.

Dawa yake haina gharama. Mwenye gari aandike majina jioni, aeleze mapema nani atangulie, na mwenye dharura ya kazi ajulikane. Dereva, kama mkuu wa gari jeshini, awe na neno la mwisho kuhusu idadi ya watu na usalama wao. Anayepewa nafasi aombe kwa adabu, hata kama cheo chake ni kikubwa kuliko cha dereva.

Sehemu iliyobaki ni ya nyumbani. Mwenye zamu ya usiku akirudi, watoto wafundishwe kumwacha alale. Mwenye safari ya alfajiri asikeshwe na mazungumzo ambayo yangeweza kungoja siku ya mapumziko. Na akiamka hajiwezi, mke au mume asimsukume atoke kwa kuogopa mkubwa wake, bali amhimize atoe taarifa mapema ili apatikane wa kushika zamu. Muuguzi aliyelala saa mbili anashika dawa za watu. Askari aliyekesha anashika bunduki.