Baada ya Matanga: Afya ya Wazee Waliofiwa na Wenzi Wao

Mzee anapofiwa na mwenzi wake, nyumba hujaa watu. Majirani hupika, ndugu hulala mkekani, rambirambi hukusanywa. Matanga yakishaanuliwa, wageni hurejea makwao. Hapo ndipo upweke huanza, na ndipo afya ya mfiwa huhitaji kuangaliwa zaidi.

Hatari hiyo imepimwa. Mwaka 1969 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 4,486 wenye umri wa miaka 55 na zaidi waliofiwa na wake zao. Katika miezi 6 ya mwanzo walifariki 213, takriban asilimia 40 zaidi ya idadi iliyotarajiwa kwa wanaume wa umri huo wenye wake. Maradhi ya moyo yalichangia sehemu kubwa ya ongezeko hilo.

Pengo la mwenzi halifanani kwa wote. Mara nyingi mgane hupoteza aliyempikia, aliyemkumbusha dawa na aliyemuunganisha na watoto. Naye, kwa kuwa amelelewa kuficha machozi, haombi msaada. Mjane kwa kawaida ana mashoga na vikundi vya kumfariji, lakini huenda akapoteza kipato, au hata shamba na nyumba iwapo ndugu wa marehemu watavidai. Kwa hiyo mgane huhitaji zaidi wa kuketi naye, na mjane huenda akahitaji pia wa kumtetea.

Msaada wa jamii huwa wa namna kadhaa: kusikilizwa, kusaidiwa kazi na fedha, kupewa taarifa sahihi, na kushirikishwa katika shughuli. Mzee anayetumiwa fedha kila mwezi bila kutembelewa amepata sehemu moja tu. Naye hustawi zaidi akiwa na jambo la kuwafanyia wengine, kama vile kulea wajukuu au kutoa ushauri.

Mhudumu wa afya anaweza kuanza na maswali mepesi: “Unakula na nani? Nani hukukumbusha dawa? Usiku unalala?” Ni vyema apime uzito na shinikizo la damu, kisha aandike jina la jamaa au jirani wa kuitwa. Mjane aliye edani asikatize dawa. Eda haimzuii mgonjwa kutafuta tiba.

Huzuni ya msiba huja na kuondoka kama mawimbi, na baina yake mfiwa huweza kutabasamu. Huzuni isiyopoa kwa wiki kadhaa, ikiandamana na kukonda, kukosa usingizi, ulevi au kujiona hana thamani, yaweza kuwa sonona, nayo hutibika. Anayesema afadhali afe asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Arobaini ikishapita, jamaa na wapangiane zamu za kumtembelea. Kumjulia hali mara kwa mara ni sehemu ya tiba.