Faili la Mwananchi Halihami na Afisa: Tuufahamu Mfumo wa Dawati Pepe

Wapo wananchi ambao wamewahi kufika katika ofisi ya kata wakapewa jibu hili: "Rudi wiki ijayo, shughuli yako ipo kwenye kompyuta ya afisa aliye safarini." Jibu hilo lilikuwa na maana wakati kila mtumishi alipotunza kazi zake ndani ya mashine iliyo mezani kwake. Mashine ikiharibika, au mwenye nywila akihamishwa, shughuli ya mwananchi ilikwama. Katika ofisi zilizokwisha kuunganishwa na mfumo wa dawati pepe, jibu la namna hiyo halipaswi kutolewa tena. Makala haya yanaeleza sababu yake, ili mwananchi ajue swali la kuuliza anapolisikia.

Dawati pepe ni nini?

Katika kompyuta ya kawaida, programu na mafaili hukaa ndani ya mashine yenyewe. Katika dawati pepe, kazi yote hufanyika ndani ya seva zilizopo katika kituo cha data, mbali na ofisi ya kata. Kifaa kilicho mezani huonyesha tu picha ya kazi hiyo, na kupeleka kwenye seva kile ambacho mtumishi anakiandika na kukibofya. Mfano wake ni televisheni: mpira hauchezwi ndani ya televisheni, na televisheni ikizimika mchezo huendelea uwanjani.

Faida zake ni za wazi. Umeme ukikatika ofisini, kazi iliyokuwa ikifanyika hubaki wazi kwenye seva kwa muda uliopangwa na wataalamu wa TEHAMA, na umeme ukirejea mtumishi huendelea pale alipoishia. Kifaa kikiibiwa, taarifa za wananchi haziendi na mwizi, kwa kuwa hazikutunzwa ndani yake. Hata hivyo, mfumo huu una sharti moja kubwa: pasipo mtandao, kifaa cha mezani hakina kazi. Ndiyo maana ofisi inapaswa kuendelea kuwa na rejista ya karatasi, ambamo maombi huandikwa mtandao unapokatika, kisha huingizwa kwenye mfumo unaporejea.

Sanduku la mwanafunzi wa bweni

Seva za dawati pepe hutumiwa na watumishi wengi kwa zamu. Afisa anayeingia leo asubuhi anaweza kupokelewa na seva moja, na kesho akapokelewa na nyingine. Hata hivyo, kila anapoingia hukuta mambo yake kama alivyoyaacha: lugha aliyoichagua, ukubwa wa maandishi, anwani za tovuti alizozihifadhi na saini ya barua pepe yake. Mkusanyiko wa mipangilio hiyo huitwa wasifu wa mtumiaji, na hutunzwa mahali pake, nje ya seva anayoifanyia kazi siku hiyo.

Tumfikirie mwanafunzi wa bweni ambaye kila siku hupangiwa chumba kingine. Njia ya zamani ya kuhamisha wasifu ilikuwa kama kubeba nguo moja moja kutoka stoo hadi chumbani kila asubuhi, na kuzirudisha moja moja jioni. Kadiri nguo zilivyoongezeka, ndivyo mtumishi alivyosubiri zaidi kabla ya kuanza kazi, huku foleni ya wananchi ikiongezeka mlangoni. Njia inayotumika sana sasa ni kulileta sanduku zima na kulifungua papo hapo. Wasifu wote huwekwa ndani ya faili moja kubwa, ambalo seva huliunganisha kana kwamba ni diski yake, mara tu mtumishi anapoingiza nywila. Njia hiyo ilipata nguvu zaidi mwaka 2018, pale kampuni ya Microsoft ilipoinunua kampuni ya FSLogix ya Marekani, iliyokuwa na utaalamu huo.

Sanduku likikwama

Utaratibu huu una udhaifu ambao kila mtumishi anapaswa kuufahamu. Sanduku lililo wazi katika chumba kimoja haliwezi kufunguliwa katika chumba kingine kwa wakati uleule. Mtumishi anayefunga dirisha tu bila kutoka rasmi kwenye mfumo huliacha sanduku lake wazi kwenye seva ya kwanza. Akijaribu kuingia tena na kupokelewa na seva nyingine, wasifu wake unaweza kukataa kufunguka. Hapo mfumo ama humzuia, ama humpa wasifu wa muda, yaani chumba kitupu. Chochote anachokihifadhi katika wasifu wa muda hufutika anapotoka.

Mwandishi wa makala haya alijifunza jambo hilo kwa gharama. Asubuhi moja alikuta skrini yake imebadilika, picha ya nyuma haipo na anwani zake zote zimetoweka. Kwa haraka aliyokuwa nayo hakujali. Aliandika tangazo la kurasa 3, akalihifadhi kwenye skrini, kisha akatoka kwenda kula chakula cha mchana. Aliporudi na kuingia tena, picha yake ya nyuma ilikuwa imerejea, lakini tangazo halikuwepo. Lilikuwa tangazo tu, likaandikwa upya jioni ile. Kama ingekuwa hati ya maombi ya kiwanja ambayo mwananchi ametembea nusu siku kuileta, hasara ingekuwa ya mwananchi.

Ya mtu, ya mahali na ya ofisi

Kutokana na hatari hizo, usimamizi mzuri wa dawati pepe hutenganisha mambo matatu.

La kwanza ni mambo ya mtu. Lugha, mpangilio wa skrini na saini ya barua pepe ni vya mtumishi, na vinapaswa kumfuata popote aendapo. Akihamia kata nyingine, wasifu wake humfuata bila kubeba mashine.

La pili ni mambo ya mahali. Mfano mzuri ni printa. Iwapo chaguo la printa litatunzwa ndani ya wasifu wa mtumishi, afisa aliyehamishwa anaweza kubofya "chapisha" akiwa katika kituo kipya, na barua ikatoka katika ofisi aliyoihama. Mwananchi atasubiri bure, na barua yenye jina na namba yake ya kitambulisho itabaki kwenye printa ya mbali, mbele ya macho ya watu isiyowahusu. Kwa hiyo printa hupaswa kupangwa kwa kufuata ofisi ambayo mtumishi ameketi siku hiyo.

La tatu, na ndilo kubwa, ni mambo ya ofisi. Maombi ya mwananchi, muhtasari wa kikao, orodha ya wanufaika na kumbukumbu za ardhi si mali ya afisa aliyeviandika. Mahali pake ni katika mfumo husika au katika hifadhi ya pamoja ya idara, ambako afisa mwingine mwenye idhini anaweza kuviona. Mtumishi akistaafu au akihamishwa, akaunti yake hufungwa, na wasifu wake hufutwa baada ya muda uliopangwa. Faili la mwananchi lililoachwa ndani ya wasifu huo linaweza kupotea pamoja nao, na wa kulaumiwa hapo si kompyuta, bali ni mtu aliyeliweka mahali pasipostahili.

Jambo hilo linagusa pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda zisipotee wala zisifikiwe na wasiohusika. Sheria hiyo inampa pia mwenye taarifa haki ya kuzifahamu na kuomba zirekebishwe zinapokuwa na makosa. Mtumishi anayemwazima mwenzake nywila humkabidhi ufunguo wa sanduku lake lote, na kila kitakachofanywa humo kitasomeka kuwa kimefanywa na yeye.

Mwananchi afanye nini?

Kwanza, unapowasilisha maombi, omba namba ya kumbukumbu na uiandike. Namba hiyo ndiyo itakayomwezesha afisa yeyote mwenye idhini kulipata faili lako bila kumtafuta aliyekupokea.

Pili, ukiambiwa kwamba shughuli yako ipo kwenye kompyuta ya mtu fulani, uliza kwa upole: "Je, imehifadhiwa kwenye hifadhi ya pamoja ya idara?" Ikiwa jibu ni hapana, mfahamishe Afisa Mtendaji wa Kata, ili faili lihamishwe kabla halijapotea.

Tatu, kabla ya kuondoka hakikisha barua yako imetoka kwenye printa iliyo mbele yako. Ikiwa imechapishwa kwingine, omba ifuatiliwe siku hiyohiyo.

Nne, ukitumia kompyuta ya pamoja, iwe ya maktaba au ya duka la intaneti, usiishie kufunga dirisha. Toka kwanza kwenye akaunti yako, kisha ondoka. Anayekuja nyuma yako hapaswi kulikuta sanduku lako likiwa wazi.

Tano, vumilia kidogo pale mtumishi anapokuomba dakika chache ili atoke na kuingia upya kwa sababu skrini yake imebadilika. Dakika hizo zinailinda kazi yako.

Mtumishi akihamishwa, aende na mipangilio yake. Faili la mwananchi libaki ofisini, likimsubiri mwenyewe. Mwananchi mwenye swali au malalamiko kuhusu faili lake anakaribishwa kufika katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata saa za kazi, akiwa na namba yake ya kumbukumbu.