Doti Moja kwa Ajili ya Nyaraka

Gazeti husomwa leo na kesho likafungiwa karanga. Hilo tumelizoea wala hatulalamiki. Lakini visiwani mwetu lipo andiko jingine linalosomwa na wengi kuliko gazeti, lisilo na mhariri, na ambalo mwenye kulitangaza hutembea nalo mwilini. Andiko hilo ni jina la kanga.

Kila mkaazi wa Unguja na Pemba anazijua sehemu tatu za kanga: pindo, mji na jina. Jina huandikwa karibu na pindo la chini, na mwanamke akishajifunga, mara nyingi hukaa nyuma yake. Ndiyo kusema aliyekusudiwa hulisoma pale ambapo mwenye kusema keshapita, na nafasi ya kujibu haipo. Akifuatwa na kuulizwa, jawabu lake ni moja: "Mimi nilipenda rangi tu, bibi." Hakuna wakili awezaye kuivunja hoja hiyo.

Ndiyo maana majina ya kanga ni habari motomoto za kila siku. Likitoka jina jipya lenye makali, wanunuzi wa Darajani huulizia jina kabla ya kuuliza rangi. "Wache waseme" humjibu jirani. "Japo sipati tamaa sikati" humtia moyo asiyebahatika. "Nani kama mama" hununuliwa na mtoto aliyepata mshahara wake wa kwanza. Mwenye kutaka amani na majirani wote hujichagulia "Wema hauozi", na watu humwacha apite.

Mchezo huu una historia yenye heshima. Wazee husimulia kwamba wanawake wa pwani walishona leso sita pamoja wakapata vazi moja, na kwamba madoadoa ya nguo za mwanzo yalifananishwa na ya ndege aitwaye kanga. Baada ya hali ya utumwa kuondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, wengi waliokuwa wakivaa kaniki na merikani waliziacha wakavaa kanga, ili kila awaonaye ajue kwamba wao si mali ya mtu. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanzishwa mwaka 1887 lilijulikana kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla". Majina ya kanga yaliandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Kwa miaka mingi nguo hizo zililetwa kwa meli kutoka ng'ambo, na baadaye viwanda vya kwetu navyo vikazichapa, kikiwamo cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Wala kanga haikuishia kwenye ugomvi wa ukumbini. Imetumika kutangaza chanjo, uzazi wa mpango, sikukuu za taifa na chaguzi. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 2008, Afrika Mashariki haikumpelekea salamu za kidiplomasia peke yake. Ilimtolea kanga yenye picha yake na maneno ya kumpongeza. Viongozi wengi wamepigiwa mizinga, lakini si wengi waliofungwa kiunoni kwa mapenzi.

Hapa ndipo tunapoingiwa na wasiwasi. Kanga mpya huvaliwa harusini. Ikififia huwa ya jikoni, kisha mbeleko, kisha tambara la kupangusia vumbi, na mwisho wake ni jaani. Huo ndio uhodari wake, kwani haimwachi mwenyewe mpaka uzi wa mwisho. Lakini kila tambara linalotupwa huondoka na jina lake, na pamoja nalo hupotea ushahidi wa yale yaliyowachekesha, kuwaudhi na kuwatia matumaini watu wa visiwa hivi. British Museum ya London ilizionyesha kanga za Afrika Mashariki mwaka 2013 katika maonyesho ya nguo za Afrika, na tunaipongeza. Hata hivyo, itakuwa jambo la ajabu iwapo mjukuu wa Pemba atalazimika kukata tikiti ya ndege ili asome kijembe alichopigwa bibi yake.

Kwa maoni yetu, dawa yake si ghali. Tunawaomba wahusika waweke utaratibu ambao kila mfanyabiashara aletaye jina jipya atatoa doti moja ihifadhiwe kwenye nyumba ya nyaraka ya Kilimani, pamoja na tarehe na mahali ilipochapwa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar liyaorodheshe majina hayo na kueleza mafumbo yake. Walimu wa skuli zetu nao wawatume wanafunzi kwa bibi zao na kalamu na daftari, kabla masanduku ya kale hayajafunguliwa na mchwa.

Na kina mama tunawaomba hisani moja tu: kabla hamjaichana kanga kongwe, linakilini jina lake. Aliyekusudiwa pengine amekwisha kusamehe, au amekwisha kufariki. Maneno yenyewe bado ni mazuri.