Herufi C Haisemi Yote: Namna ya Kusoma Matokeo ya Darasa la Saba

Siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya darasa la saba, simu moja huhudumia ukoo mzima. Anayejua kuperuzi mtandaoni ndiye anayepishwa kiti. Anafungua mkoa, wilaya, shule, kisha anaitafuta namba ya mtahiniwa, na macho ya wote yanarukia mwisho wa mstari: wastani C. "Kafaulu!" Vigelegele vinapigwa, simu inafungwa. Lakini habari yenye manufaa zaidi kwa mzazi ilikuwa imeandikwa kabla ya hiyo C, na hakuna aliyeisoma.

Tuanze na hesabu yenyewe. Mtihani huu una masomo 6, kila somo lina alama 50, jumla alama 300. Katika somo moja, A ni alama 41 hadi 50, B ni 31 hadi 40, C ni 21 hadi 30, D ni 11 hadi 20, na E ni 10 kushuka chini. Kwenye jumla, mwenye alama 121 na kuendelea huhesabiwa amefaulu.

Sasa tuwabuni watoto wawili wa dawati moja, Asha na Juma. Asha amepata Kiswahili 44, Kiingereza 12, Maarifa ya Jamii 30, Hisabati 8, Sayansi 22 na Uraia 32. Juma, kwa mpangilio huohuo, amepata 25, 24, 26, 23, 25 na 25. Jumlisha: kila mmoja ana 148. Wote wawili ni wastani C, na wote watapigiwa vigelegele vilevile.

Kumbe hawafanani hata kidogo. Juma anatembea mwendo wa kati kila mahali. Anahitaji kusukumwa kidogo katika kila somo. Asha ana kipaji cha lugha yake na mashimo mawili makubwa. Shimo la Hisabati linaonekana wazi. La Kiingereza ni baya zaidi, maana Januari ataingia kidato cha kwanza, ambako karibu kila somo hufundishwa kwa Kiingereza. Baiolojia, Jiografia na hata hiyo Hisabati zitamjia kupitia mlango ambao hajaweza kuufungua. Mzazi wa Asha akiiona ile D mapema, ana wiki kadhaa za likizo za kufanya jambo. Akiiona C peke yake, atanunua sare na begi akidhani kazi imekwisha.

Kumbuka pia kwamba mtandaoni huonyeshwa herufi tu, si alama. C ya 21 na C ya 30 zinafanana, ilhali mwenye 30 alibakiza alama moja tu kufikia B. Kwa hiyo usimsifu wala usimchape mtoto kwa tofauti ya herufi moja.

E nayo ina kisa chake. Chukua maswali 40 ya kuchagua, kila moja lina majibu matano. Mtu asiyesoma swali lolote, akasiliba herufi kwa kubahatisha, kwa kawaida ataangukia majibu sahihi 8 hivi. Ndiyo maana alama 8 za Asha katika Hisabati hazikwambii mengi kuhusu anachokijua. Pengine hajui kitu. Pengine aliruka swali moja kwenye karatasi ya majibu, na kila alichokisiliba baada ya hapo kikakaa mstari usio wake. Mashine inayosahihisha haina huruma ya kugundua. Atakayekwambia ni daftari lake na mwalimu wake.

Ipo pia tofauti ambayo wazazi wengi huipuuza: kuna mtihani na kuna upimaji. Darasa la nne na kidato cha pili hufanya Upimaji wa Kitaifa, na shabaha yake kuu ni kubaini mtoto anakwama wapi angali shuleni. Matokeo ya darasa la nne yanatoka wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Kwa watoto walio kwenye mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, nafasi hiyo inapungua, kwani elimu ya msingi inafupishwa kutoka miaka 7 hadi 6.

Tusisahau kwamba madaraja yenyewe huwekwa na binadamu. Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, takriban watahiniwa 6 kati ya 10 walipata daraja sifuri. Nchi ilitikisika, tume ikaundwa, na mwezi Mei serikali ikayafuta. Yalipochakatwa upya, idadi ya sifuri ikashuka. Majibu waliyoandika vijana hayakubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni namna ya kuyapanga katika madaraja.

Vilevile, pima kwa tahadhari sifa za shule. Shule inayochuja watoto mlangoni, ikawakaririsha au kuwahamisha wazito kabla ya mtihani, itang'ara hata kama ufundishaji wake ni wa kawaida. Baraza lenyewe liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora mwaka 2023.

Ufanyeje basi? Nakili herufi zote sita, nenda shuleni nazo, na umuulize mwalimu swali moja: "Katika somo hili, ni mada zipi zinazomshinda?" Mwalimu anayemfahamu mtoto atakutajia sehemu, asilimia, au ufahamu wa kusoma. Kisha kuna hazina ambayo wachache wanaijua: kila baada ya mtihani, Baraza hutoa bure kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, zikieleza ni wapi wengi waliteleza na kwa nini. Kabla hujalipia tuisheni ya masomo yote sita, kaa na mtoto mfungue ya somo moja tu, lile la herufi yake ya chini kabisa.