Umechoma jina kwenye mbao? Usikimbilie vanishi

Kibao cha zawadi ya harusi kinaweza kutoka kwenye kalamu ya moto kikiwa safi kabisa, mbao nyeupe na majina yamekolea, halafu kikaharibika ndani ya dakika tano za kupaka vanishi. Kwa anayeuza kazi hizi, hapo saa nzima za kuchoma zimepotea na mteja bado anasubiri.

Tatizo huanzia kwenye masizi. Mstari uliochomwa sana umeshageuka mkaa. Ukipitisha brashi yenye vanishi juu yake, chembe za mkaa zinang'oka na kusambaa, unabaki na moshimoshi kuzunguka kila herufi. Na ukishakauka hivyo, hautoki bila msasa.

Kwa hiyo kazi ikiisha, iache ipoe. Sugua herufi taratibu kwa mswaki mkavu wenye nywele laini, kisha futa vumbi lote. Msasa namba 320 unaweza kupita pale penye mkaa mzito tu. Vivuli vyepesi usiviguse, viko juujuu na vinaondoka haraka.

Koti la kwanza lisiwe la brashi. Vanishi ya kopo la kupuliza ndiyo salama zaidi, kwa sababu hakuna kinachogusa mchoro. Shika kopo umbali wa sentimita 25 hadi 30, puliza kidogo sana, subiri ikauke, rudia. Baada ya makoti mawili mepesi mkaa umeshashikwa, na sasa hata brashi ruksa. Kama ulijazia rangi kwa makapeni, hatua hii ndiyo inayozuia wino usichuruzike. Walioko pwani, Dar au Mombasa, waepuke kupuliza siku ya mvua: unyevu hewani unaweza kuacha ukungu mweupe ndani ya vanishi.

Vanishi ipi sasa? Ya mafuta ni ngumu na inadumu, ila ina unjano, na unaongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Kwenye mninga hilo si tatizo, tena linapendezesha. Kwenye msonobari au mbao nyingine nyeupe, linaua tofauti kati ya mbao na mchoro. Hapo chukua ya maji, inabaki wazi. Inakwaruza kidogo ikikauka kwa sababu maji huinua nyuzi za mbao, lakini msasa laini kati ya makoti unamaliza hilo. Vyovyote vile, jaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, nacho kiwe kimechomwa.

Jua nalo lina yake. Mkaa hustahimili, ila vivuli vya kahawia hafifu hufifia, na hakuna vanishi inayozuia kabisa. Kazi ya picha za nyuso isiwekwe ukuta unaopigwa na jua.

Mwiko na ubao wa kukatia ni habari nyingine. Vanishi itamenyeka kwa kisu na kuingia kwenye chakula. Tumia likwidi parafini ya duka la dawa pamoja na nta ya nyuki. Angalizo: hiyo si parafini ya kwenye taa, ambayo ni sumu. Mafuta ya alizeti nayo yaache jikoni, yanachacha.

Umegundua herufi imekosewa baada ya vanishi? Usirudishe kalamu ya moto. Vanishi ikiungua inatoa moshi wenye sumu, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka hapo. Ondoa vanishi yote kwa msasa kwanza.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Vitambaa vilivyopakia mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, hupata joto vyenyewe vinapokauka, na vikikunjwa na kurundikwa vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au viloweke kwenye maji kabla ya kuvitupa.